Mke Mwenza wa Injini Moja

Wasikilizaji wapendwa, popote redio yako ilipo, iwe jikoni, iwe dukani, iwe imefungwa kwa mpira kwenye usukani wa bodaboda, sogea tukae. Leo tunamkumbuka rubani. Tunamkumbuka Saadi Bushiri wa Nkende, hapa Tarime mjini, mtoto wa fundi cherehani, aliyerusha ndege ndogo katika mkoa wetu wa Mara kwa miaka ishirini na sita. Alifariki mwezi uliopita akiwa na miaka sabini na mitatu. Rubani Saadi Bushiri wa Nkende.

Nilikwenda kwake kutoa pole. Mjane wake, Bi Mwanne, ambaye mtaani wanamwita Mama Samira, alinikaribisha chai, akanitazama, akasema kama nimekuja kutangaza kwamba marehemu alikuwa mtu wa watu basi ninywe chai niende zangu. Alitaka nisimulie jambo moja tu. Alhamisi moja ya mwaka 1991, kule Nyansurura. Basi nami nasimulia hilo, na kama nitakosea, Mama Samira yupo anasikiliza, atanipigia simu.

Kwanza mjue jambo hili. Ukitaka marubani wagombane, usiwaulize mambo ya siasa. Waulize ni ndege gani wanaipenda kuirusha. Watakesha. Katika kampuni ndogo ya Musoma aliyofanyia kazi Saadi kulikuwa na ndege mbili. Ya kwanza ilikuwa Cessna ya zamani, injini moja, mabawa juu ya dirisha, na kigurudumu kidogo mkiani. Wenzake waliiita mkweche. Ya pili ilikuwa mpya, injini mbili, mabawa chini, inang'aa, ina kasi. Vijana wote waliitaka ile mpya, na sababu zao zilikuwa nzuri. Injini mbili ni mbili, moja ikizima unabaki na nyingine, hasa ukiwa juu ya ziwa.

Saadi aliitaka mkweche. Alisema ile ndege haimvizii mtu. Ukiipunguza mwendo kupita kiasi, kabla haijaanguka inakwambia, inatetemeka, inapiga filimbi, inakupa nafasi ya kujirekebisha. Inaruka polepole hata unaweza kuhesabu ng'ombe. Na kwa kuwa mabawa yako juu, ukichungulia dirishani unaona chini moja kwa moja, unaona mtu amevaa nini. Kiwanja kifupi, kiwanja cha mawe, kiwanja chenye nyasi, kote inatua. Alikuwa akisema hayo kwenye harusi, kwenye matanga, hata kwa mtu aliyeuliza saa tu.

Mama Samira alichoka. Alisema ameolewa ukewenza, na mke mwenzake ana injini moja. Lakini chini ya utani huo kulikuwa na hofu, na hofu ile haikuwa ya mchezo. Kila siku ya safari alikuwa hali mpaka asikie mume wake ametua. Injini moja. Ikizima? Swali hilo alilala nalo, akaamka nalo. Binti yao Samira anakumbuka: "Mama alikuwa anasonga ugali huku anasikiliza mbinguni. Ukiongea, anakunyamazisha kwa mwiko."

Sasa tuje kwenye mwaka huo wa 1991. Mnaukumbuka, nyinyi wakubwa. Nyamongo ilikuwa imechafuka kwa dhahabu. Rashi, ndivyo wachimbaji walivyoiita. Watu waliacha maduka, wakaacha mashamba, mwalimu akaacha chaki. Kila aliyekuwa na sululu aliona kila jiwe linamwangalia. Ukichimba choo, jirani anakuja kuchungulia.

Na kule Nyansurura, wilaya ya Serengeti, kulikuwa na kiwanja kidogo cha ndege. Kila Alhamisi Saadi alipeleka huko muuguzi wa chanjo. Mvua za mwaka ule zilikiharibu, likabaki tope. Saadi mwenyewe ndiye aliyehangaika mpaka likapatikana lori la kifusi. Kifusi hicho kilitoka Nyamongo, kwenye maduara, yale mashimo ya wachimbaji, mawe waliyoyatupa kwa sababu hayana kitu. Kikamwagwa, kikashindiliwa, kiwanja kikawa kigumu. Kifusi cha Nyamongo, wasikilizaji. Shikeni hapo.

Wakati huo Mama Samira alikuwa Nyansurura kwa mdogo wake Yasmini, aliyekuwa amejifungua. Kabla ya kuondoka nyumbani alimbana mumewe. Akamwambia Alhamisi akija Nyansurura, aje na ndege ya injini mbili. Akamtaka aape. Saadi akajikuna kichwa, akaapa. Na Mama Samira akaenda zake na moyo mwepesi, mara ya kwanza baada ya miaka.

Moyo ukiwa mwepesi, na ulimi nao unalegea. Siku moja kisimani wanawake walimuuliza hicho kifusi cheupe cha kiwanjani kimetoka wapi. Akajibu kwa madaha kwamba kimetoka Nyamongo, na kwamba mume wake sasa anatua juu ya dhahabu. Wakacheka. Akajitwisha ndoo yake, akaondoka.

Alhamisi asubuhi, saa mbili na nusu, alitoka kwa Yasmini akiwa na kanga yake nyekundu. Hiyo kanga ilikuwa na kazi. Kila alipokuwa kiwanjani mumewe anatua, aliipunga. Ilikuwa salamu yao. Saadi akiiona, alitikisa mabawa kidogo kushoto na kulia, ndipo akatua. Hawakuwahi kuacha.

Akafika kiwanjani. Akasimama.

Kiwanja kilikuwa kimechimbwa. Mashimo kumi na moja, mengine yanafika gotini, mengine kiunoni, kuanzia katikati mpaka mwisho wa magharibi. Kando yake vilundo vya kifusi vimechekechwa vizuri kabisa. Watu walikuwa wamefanya kazi usiku kucha na kwenda zao, bila kupata hata punje. Mama Samira aliniambia hakujiuliza nani amechimba. Alijua kilichowaleta. Ni maneno yake mwenyewe, ya kisimani.

Na ndege ilikuwa inakuja saa tatu.

Alikimbia zahanati. Kulikuwa na redio ya upepo ya mawasiliano, lakini betri yake ilikuwa imepelekwa Mugumu kuchajiwa tangu Jumanne. Simu hakuna. Akarudi kiwanjani mbio, kifua kinamwaka. Akafikiria kupunga kanga. Halafu akaushusha mkono. Kupunga ni salamu! Saadi akiiona kanga inapungwa atajua mambo ni mazuri, atatikisa mabawa, atatua. Na anakuja na ile ndege mpya, aliyoilazimisha yeye, ile yenye kasi, inayotaka kiwanja chote, yenye mabawa chini ambayo hayamwachi rubani aone lililo chini yake. Ataingia mashimoni na muuguzi wake. Ile kanga akaifunga kiunoni, akaikaza fundo.

Hapo pembeni Mzee Wangwe, mfugaji, alikuwa ameshahamisha ng'ombe wake kama kila Alhamisi. Maana sheria ya pale ilikuwa hiyo. Siku ya ndege, ng'ombe watoke. Mama Samira akamwendea.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Mama Samira. Ng'ombe nimetoa."

"Warudishe."

Mzee akadhani hakusikia vizuri. Mama Samira akamwonyesha mashimo. Akamweleza kwamba ndege mpya haiwezi kusogelea ng'ombe, rubani akiwaona uwanjani atageuza arudi Musoma, na hilo ndilo analolitaka. Mzee Wangwe akawaangalia ng'ombe wake. Walikuwa arobaini na wawili, na kati yao wale wa mahari ya kijana wake. Akauliza, je, asipogeuza? Jibu wote wawili walilijua. Mzee akatema kijiti alichokuwa akitafuna. Kisha akawageukia wachungaji wake, watu wazima wenye fimbo, akasema: "Mura, rudisheni."

Ng'ombe wakarudi. Wakajaa kiwanjani.

Kisha ukasikika mlio. Kila mtu akainua uso. Mama Samira alikuwa na masikio yaliyozoea, aliyazoesha kwa miaka ya hofu. Akasikiliza mara moja tu. Injini moja. Wasikilizaji wapendwa, Saadi alikuwa amekuja na mkweche.

Alimwapia, akamdanganya. Mama Samira anasema alishikwa na hasira na hofu pamoja, akashindwa ipi aitangulize. Maana ng'ombe wangeweza kuzuia ndege mpya. Mkweche wasingeuzuia hata kidogo! Saadi na ndege yake ile walikuwa na mtindo wao. Wakikuta ng'ombe, wanapita chini sana, injini inanguruma, ng'ombe wanatawanyika, kisha wanazunguka na kutua. Ameshafanya hivyo mara mia.

Na ndivyo alivyofanya. Akaja chini, ng'ombe wakatimka mikia juu, kiwanja kikabaki kitupu. Ndege ikaanza kuzunguka ili itue.

Wanawake wa kisimani walikuwa wamekusanyika, wakampigia kelele apunge, apunge amzuie. Mkono wake ulitaka kupunga wenyewe. Akaushika kwa mkono wa pili. Mzee Wangwe naye, aliyekwisha kuona ng'ombe wake wakinusurika, angeweza kusema basi, nimefanya yangu. Hakusema. Alikimbia na umri wake ule, anapiga miluzi, akawarudisha tena wale waliokuwa karibu. Mama Samira akaingia katikati ya kiwanja, kati ya ng'ombe na shimo la kwanza. Akakaa chini. Akakunja mikono kifuani, kanga imefungwa kiunoni. Hakupunga.

Ndege ikashuka. Ikaja polepole, polepole mno, ikitetemeka, filimbi inalia mpaka chini inasikika. Na pale dirishani, chini ya bawa, akauona uso wa mume wake unamtazama. Ukamtazama yeye, ukatazama mashimo. Kisha injini ikanguruma, ndege ikapanda.

Hapo ungedhani atarudi Musoma. Lakini mafuta yaliyobaki yalikuwa ya kwenda kiwanja kingine cha karibu tu, na upepo ulikuwa unabadilika, hata huko huenda asingefika. Akazunguka mara ya tatu, wakati huu kutoka mashariki. Mama Samira akaelewa kwamba anataka ule upande usiochimbwa, akatoka mbio kuwaondoa ng'ombe. Upande huo, kutoka kichuguu kilichokuwa ukingoni mwa kiwanja mpaka shimo la kwanza, palikuwa na hatua mia mbili na hamsini. Hatua mia mbili na hamsini tu. Ndege ikagusa ardhi kando ya kichuguu, vumbi likaifunika, na Mama Samira akafumba macho.

Alipofumbua, propela ilikuwa imesimama. Kati ya magurudumu na shimo la kwanza kulikuwa na hatua tisa. Alizihesabu mwenyewe baadaye. Muuguzi Agustina akashuka, akakaa kwenye nyasi, akatapika, kisha akaulizia watoto wa chanjo wako wapi.

Saadi alishuka wa mwisho. Mkewe akamwambia: "Uliniapia."

"Niliapa," akasema. "Nimeshindwa, Mama Samira. Naomba unisamehe." Kisha akamweleza kwamba walipopita mara ya kwanza aliwashangaa ng'ombe, lakini alichokiogopa ni kile alichokiona mara ya pili. Alimwona mkewe hapungi. Hajawahi kumwona hapungi.

Halafu akawageukia watu, akauliza nani amesema kiwanjani kuna dhahabu. Wanawake wa kisimani wakatazama chini. Wote. Hakuna aliyefungua mdomo. Yasmini, na kichanga chake mgongoni, akamfinya dada yake mkononi anyamaze. Mashimo yakafukiwa kabla ya saa tisa. Na Mama Samira hakuisema tena vibaya ile ndege. Alipoulizwa, alijibu tu kwamba mke mwenzake ana adabu.

Lakini siri ya kisimani alikaa nayo zaidi ya miaka thelathini. Alikaa nayo Saadi alipostaafu, alipozeeka, alipoanza kuumwa. Kila Alhamisi ile ilipotajwa, na Saadi aliitaja sana, yeye alinyanyuka kwenda kuangalia chungu.

Wiki ya mwisho, hospitalini, akamwambia. Akamwambia yote, ndoo, kisima, madaha. Saadi akacheka mpaka kikohozi kikamshika.

"Nilijua," akasema. "Mzee Wangwe aliniambia siku ileile."

"Sasa mbona ulinyamaza, Baba Samira?"

"Ningekusema kwa mdomo gani, nami nilikuwa nimekudanganya? Tena tulitua. Si tulitua?"

Siku tatu baadaye Saadi Bushiri alifariki. Jeneza lilipotolewa nyumbani Nkende kuelekea makaburini, wanaume wakalipokezana mabegani. Wanawake walibaki uani, kama ilivyo desturi. Mama Samira alitoka mpaka mlangoni. Samira anasema alidhani mama yake anataka kulia. Hakulia wakati ule. Alifungua fundo kiunoni, akaitoa ile kanga nyekundu, imepauka sasa, akainyanyua juu. Akapunga mpaka jeneza likapinda kona.

Wasikilizaji wapendwa, tunampa pole Mama Samira, tunampa pole Samira na wadogo zake, Bi Yasmini na watu wote wa Nkende na Nyansurura waliompenda rubani Saadi Bushiri. Mungu amlaze mahali pema. Nawe uliyekaa kando ya redio, huenda kuna neno umelikalia kwa miaka, na mwenyewe yuko chumba cha pili anaangalia taarifa ya habari. Zima hii redio kidogo, sitakasirika. Nenda kamwambie wakati bado anaweza kucheka.