Kompyuta ya Flashi Yaamshwa kwa Nguvu

Umeme ulikatika tangu asubuhi, na benchi la mbele ya kinyozi likajaa watu wasio na la kufanya. Mwenye kazi alikuwa mmoja tu, Flashi mpiga picha, kompyuta mapajani, anaunganisha video ya harusi. Jioni hiyo shangazi wa bibi harusi alikuwa anasafiri kwenda kwa mama yake, bikizee wa watu aliye kitandani, ambaye harusi ya mjukuu wake aliisikia kwa simu tu. Flashi alishaahidi, tena kifua mbele, kwamba shangazi ataondoka na video hiyo. Sasa mashine inatambaa, na yeye roho juu.

Aliwaeleza wenzake kwamba ikiwa kwenye betri, mashine hujipunguzia kasi yenyewe ili chaji ifike mbali.

— Yenyewe? Bila kukuuliza?

Huyo alikuwa Gundi, fundi viatu, na kwake huo ulikuwa uvivu mtupu. Wembe, mwenye kinyozi, akakataa katakata. Mbona yeye wateja wakiadimika husinzia kitini, na wakijaa mkasi haushikiki? Mashine imeona kazi ni moja, ikajua hakuna haraka.

— Ijazie kazi, bwana. Itaamka tu.

Flashi alitaka kubisha, ila saa zilikuwa zinayoyoma na wazo lingine hakuwa nalo. Akaiweka kwenye kasi ya juu kabisa. Akafungua muziki. Gundi akaomba mpira wa juzi, Wembe akataka mchezo wa magari, vyote vikafunguliwa. Feni ikavuma, mashine ikapata moto mpaka mapaja yakamwasha.

— Si unaona, imeamka, alisema Wembe.

Na kweli iliamka. Benchi zima likasogelea mpira, kahawa ikapoa vikombeni, na wa kuangalia chaji hakuwepo. Timu zikiwa bado suluhu, kioo kikazima.

Shangazi alifika muda huohuo, begi begani. Flashi akamweleza yote bila kumficha kitu, aibu imemjaa. Mama wa watu akasikiliza mpaka mwisho, akakaa kwenye ncha ya benchi.

— Mama ataniuliza alivyopendeza mjukuu wake. Nyie mlikuwa mnaangalia nini?

Wembe akachungulia kikombe chake.