Biskuti za Stella na Barua ya Mheshimiwa

Benchi la mbele ya kinyozi Sal lilizungushiwa utepe wa njano tangu Machi, amri ya halmashauri ya mji, na wazee wa kijiwe hicho waliitii amri hiyo kwa namna yao. Hawakulikalia. Kila mmoja alikuja na kiti chake cha kukunja, wakalizunguka benchi futi sita mtu na mwenzake, kama jamaa waliokuja kumwangalia mgonjwa. Kahawa ilikuwa ya Roz, chupa kubwa ya lita tatu, na vikombe kila mtu na chake. Kerwick ni mji mdogo kando ya Mto Monongahela. Kiwanda cha chuma kilikufa zamani, sinema ikafuata, na mwaka ule wa korona hata kanisa likafungwa. Kilichobaki wazi ni midomo.

Asubuhi hiyo ya Jumatano, mwezi wa sita, walikuwa wanne. Roz Pavlik aliendesha gari la wagonjwa miaka thelathini, wakamwita Daktari. Gus Mancuso aliitwa Wakili. Sheria hajaisoma hata ukurasa, ila mwaka 1987 aliitwa mahakamani kuwa mzee wa baraza kwa siku tatu, na mpaka leo hajarudi uraiani. Chet Hrivnak alikuwa Antena, mwenye habari ambazo redio zote zimezikosa. Wa nne ni Kazimir Wojtal, Tanuri kwa jina la kijiweni, kwa kuwa ujana wake wote aliumaliza mbele ya moto wa kuyeyushia chuma. Mjukuu wake Marlena alikuwa anaolewa Jumamosi.

— Haya, funga midomo, Roz alisema, akainua karatasi. Barua ya mheshimiwa imefika.

Mheshimiwa mwenyewe ni Colleen Dzurko, mbunge wao katika bunge la jimbo, ambaye kila baada ya wiki mbili aliwaandikia wapigakura wake kuwaeleza nini kimefunguliwa na nini bado. Juu ya barua palikuwa na picha yake.

— Hiyo picha ya lini? Antena aliuliza.

— Ya kabla ya korona.

— Ndiyo maana anacheka.

— Sikilizeni, bwana. "Wapendwa wananchi wenzangu. Nina furaha kuwaarifu kwamba kuanzia Ijumaa wilaya yetu inatoka awamu ya njano na kuingia awamu ya kijani. Vinyozi wataruhusiwa kufungua..."

— Asante Mungu, alisema Wakili, akijishika kisogo. Juzi mke wangu kaniita kwa jina la dada yake.

— "...migahawa itapokea nusu ya wateja wake, na mikusanyiko itaruhusiwa hadi watu mia mbili na hamsini."

— Mia mbili na hamsini! Antena alipiga goti. Tanuri, umesikia? Harusi imepona!

Tanuri alivuta pumzi. Mfukoni alikuwa na orodha ya watu ishirini na watano, idadi ya awamu ya njano, na kwa wiki tatu nzima alikuwa akiwakata ndugu kwa penseli na kuwarudisha. Alikuwa amemkata hata Antena, ingawa hilo hakulisema.

— Bado sijamaliza, alisema Roz, na sauti yake ikapungua. "Hata hivyo, katika sherehe na migahawa, vyakula vya kujipakulia mezani bado haviruhusiwi."

Kwa watu wa mto ule, bwana harusi anaweza kuchelewa na padri anaweza kulisahau jina la bibi harusi, na harusi ikaendelea. Lakini meza ya biskuti ikikosekana, watu watasema mpaka wajukuu wa maharusi waoe. Mama, shangazi na majirani huoka miezi mitatu kabla, maelfu ya biskuti, wakazigandisha kwenye friza zao, na siku ya siku zinapangwa kwenye meza ndefu kutoka ukuta hadi ukuta. Mgeni hujichagulia mwenyewe, na nyingine huficha mkobani akijidai ni za mtoto.

Na meza hii ilikuwa na jambo lake. Stella, mke wa Tanuri, alianza kuoka za Marlena mwezi Januari. Alimaliza katikati ya Machi, akazipakia kwenye makopo, akayashusha kwenye friza ya chumba cha chini, akasema, "Kazi yangu nimeimaliza, mleteni bwana harusi tu." Aprili moyo wake ukasimama. Mazishini waliruhusiwa watu kumi. Hawa watatu wa kijiweni walikaa ndani ya magari yao nje ya kanisa, taa zimewashwa mchana kweupe, mpaka jeneza likapita.

— Basi biskuti za Stella ndo haziwekwi? Roz aliuliza polepole.

— Zitawekwa! Wakili alisimama, akakumbuka futi sita, akaketi. Sheria inasema chakula. Biskuti siyo chakula. Nani kati yenu amewahi kusema "nina njaa, nipe biskuti"? Chakula ni kile unacholazimishwa. Biskuti ni kile unachokatazwa.

— Gus, usituzingue.

— Wahenga walisema: mchuma janga hula na wa kwao. Maana yake nini? Wakati wa janga, ruhusa kula na ndugu zako!

— Haina maana hiyo hata kidogo, alisema Roz.

— Mahakamani ingepita.

Tanuri alicheka pamoja nao, lakini macho yalikuwa kwenye kikombe. Ukweli ni kwamba hakujua anataka barua ile iseme nini. Stella alitaka biskuti zake ziwe mezani Jumamosi, na kwa hilo Tanuri angepigana na bunge zima. Lakini zikifika mezani zitaliwa, na zikiliwa zimekwisha, na Stella hataoka nyingine. Tangu Aprili hajaifungua ile friza. Kulikuwa na sehemu ya moyo wake, na aliionea aibu, iliyomwombea mheshimiwa akataze kabisa.

— Tatizo ni neno "kujipakulia", Roz alisema. Si awekwe mtu mmoja wa kupakua? Glavu, barakoa, koleo. Mgeni anaonesha kidole, anapewa.

— Biskuti za Stella kuoneshwa kidole? Mwanamke mwenye heshima zake? Wakili alitikisa kichwa. Hapana. Nimepata. Anayejipakulia ni nani? Ni yule anayeisogelea meza. Sasa wageni wakae, meza ndiyo itembee! Tunaifunga magurudumu, zimamoto wanaisukuma. Kisheria, hapo aliyejipakulia ni meza. Simba mwenda pole ndiye mla nyama.

— Meza siyo simba, Gus, na biskuti siyo nyama.

— Sasa si ndo mwanzo nilisema siyo chakula?

Antena alisogeza kiti chake mbele nusu futi, jambo ambalo kwake ni dalili mbaya.

— Nyie mnahangaika na meza, alisema. Hamjajiuliza nani anafaidika. Mwaka mzima harusi za mto huu zinakula biskuti ngapi? Milioni. Ngapi za kununua? Hata moja. Sasa ghafla, za kuoka nyumbani hatari, za kwenye pakiti salama. Nani anauza za kwenye pakiti?

— Chet...

— Na hizo rangi! Nyekundu, njano, kijani. Nani aliyezichagua? Mtu wa taa za barabarani. Fuatilia. Mimi nawaambia, korona ikiisha watatuletea awamu ya zambarau, na hapo ndo utaona friza zinapekuliwa nyumba kwa nyumba.

— Wapekue yangu waone, alisema Tanuri haraka, halafu akajutia.

— Ee, na zikoje? Roz alimgeukia. Za Stella. Bado nzima?

— Nzima.

— Ungetuletea moja moja hapa, tukanywea kahawa. Kwa kumbukumbu.

— Zikiyeyuka hazigandi vizuri tena.

— Moja tu, Kazimir.

— Nimesema zikiyeyuka hazigandi!

Roz alimtazama. Miaka thelathini ya kuingia majumbani mwa watu ilikuwa imemfundisha kujua nani anaumwa na nani anasingizia. Akammiminia kahawa kwa mkono ulionyooshwa hadi mwisho wake.

— Mpigieni simu mwenyewe mheshimiwa, alisema. Namba si hii hapa chini.

Wakili akapiga, akaweka spika ili wote wasikie. Alipokea msichana wa ofisini, na kwa lafudhi yake walimjua mara moja kuwa ni mzaliwa wa hukohuko mtoni. Hakuuliza meza ya biskuti ni kitu gani. Aliuliza kama zipo za jamu ya aprikoti.

— Zipo, alisema Wakili, bila kujua.

— Na zile za kukunja, zenye krimu?

— Dada, hizo ndo usiseme.

— Jamani, msichana alisema, na akashusha pumzi. Wazee wangu, swali hili nimeulizwa mara arobaini na moja tangu jana. Nimewapigia wakubwa wa jimbo kule Harrisburg. Unajua wamenijibu nini? "Meza ya nini?" Ikabidi niwaeleze kuanzia kwa bibi yangu. Yule bwana kule akaniuliza kama hizo biskuti huwa zinabaki. Nikamwambia, kaka, hilo siyo swali la kiserikali.

— Kwa hiyo jibu ni lipi?

— Jibu wanalitafakari.

Simu ikakatwa. Wakili aliirudisha mfukoni kwa heshima, kama mtu aliyetoka kuongea na jaji.

— Wanalitafakari mpaka lini? Harusi Jumamosi! Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako.

— Hiyo usije ukaisema mbele ya familia ya bwana harusi, alisema Roz.

— Sasa nisikilizeni mimi kwa mara ya mwisho, Wakili aliendelea. Wiki iliyopita tulipiga kura hapa, sivyo? Watu walipanga foleni, wakachukua karatasi kwa mikono yao, na serikali haikusema neno. Basi tunageuza meza kuwa kituo cha kupigia kura! Biskuti ipi bora? Kila mgeni anachukua zake, anaingia chumba cha siri, anaamua.

— Na atapigaje kura kama keshaila?

— Ndiyo maana inaitwa kura ya siri.

— Gofu! Antena alipaza sauti. Gofu waliiruhusu tangu awamu ya njano, wakubwa wale, hawawezi kukaa bila gofu. Tutoboe matundu kwenye uwanja wa ukumbi...

Hata Tanuri alicheka safari hii, akacheka mpaka miwani ikaingia ukungu. Ndipo akamwona kijana akivuka barabara kuja kwao.

Alikuwa Rafael Ontiveros, bwana harusi mtarajiwa, mtu wa Tucson, Arizona, huko ambako harusi zina keki tu na watu wanaridhika. Barakoa yake ilishonwa kwa kitambaa cha maua na shangazi mmojawapo wa Marlena.

— Habari za asubuhi, wazee.

— Nzuri, mkwe, lakini simama hapohapo, alisema Roz.

— Nimesimama. Babu, nimetumwa na mama Joanne.

Joanne alikuwa binti wa Tanuri, mama wa bibi harusi, mwanamke asiyejua kukaa na tatizo kwa zaidi ya robo saa.

— Anasemaje?

— Ile barua ya mheshimiwa ameisoma jana. Wamekaa na kina shangazi, wameshamaliza. Biskuti zitafungwa kwenye vifuko, kila mgeni chake, na kila kifuko kitakuwa na mchanganyiko wa biskuti za wote waliooka. Binamu wawili watagawa mlangoni, wamevaa glavu. Hakuna wa kujipakulia.

Saa nzima ya sheria ilikuwa imepita na chupa ya kahawa ilikuwa inafika chini, kumbe wanawake walishamaliza shauri kabla ya chakula cha jioni cha jana.

— Sasa naenda kununua vifuko, Rafael aliendelea. Shangazi wote wameshatoa idadi zao. Bado za bibi Stella tu. Ni ngapi, babu?

Lilikuwa swali jepesi. Mtoto wa darasa la kwanza angelijibu. Wakili aliangalia viatu vyake. Roz aliinamisha chupa juu ya kikombe cha Tanuri na hakikutoka kitu.

Tanuri alifikiria kudanganya. Dazeni hamsini, angesema, na kijana angeenda zake.

— Sijui, alisema.

— Hata ya kukisia, babu.

— Sijui, mwanangu. Sijaifungua tangu Aprili. Kila siku nashuka kule chini. Naweka mkono juu ya mfuniko. Halafu napanda.

— Sasa mbona sisi umetuambia... Wakili alianza.

— Gus, nyamaza, alisema Roz.

Rafael alisimama pale barabarani, mikono mfukoni. Hakuwa mtu wa maneno, na Kerwick nzima ilishamsema kwa hilo.

— Mimi nilionana naye mara moja tu, Krismasi, alisema. Aliniwekea sahani. Akaniuliza nimekula ngapi, nikasema mbili, nikidhani ndiyo adabu. Akasema mwanaume wa biskuti mbili hampi mjukuu wake.

— Alisema hivyo? Tanuri aliuliza. Hakuwa amelisikia hilo.

— Alisema. Nikala kumi na moja. Nililala nimeshika tumbo.

Tanuri alicheka, na kicheko kikamgeuka njiani, akavua miwani akajifuta kwa mkono wa shati mbele ya watu wote wala asijali. Hakuna aliyemsogelea, kwa kuwa haikuruhusiwa, na wote watatu waliichukia sheria hiyo kuliko zote. Alipomaliza alisimama, akakunja kiti chake.

— Juu ya kila kopo ameandika mwenyewe, alimwambia kijana. Za nini, na ngapi. Mwandiko wake mimi sitauweza leo. Utanisomea wewe. Mimi nitashika mfuniko.