Stika Iliyochanika

Mshonaji aliketi basini amepakata bati la mgongo wa friji yake mbovu. Mzee wa kiti cha pembeni akamuuliza kulikoni.

"Duka wamekataa waranti, baba. Eti stika yao ya kuziba bati hili imechanwa." "Nani kaichana?" "Fundi waliyemtuma wao wenyewe." "Ungemkataza." "Sasa angetengenezaje bila kufungua? Kwa dua?"

"Subira huvuta heri, binti," alisema mzee, ambaye friji yake bila shaka ilikuwa nzima.

"Subira ninayo. Insulini ya mama ndiyo haina. Naihifadhi kwa jirani, na jirani anahama kesho."

Mzee akakohoa. "Hata hivyo, ungemkataza."

Basi likasimama mbele ya duka. Mshonaji akashuka na bati lake. Maneno yake alikuwa akiwawekea wenye duka.