Marehemu na Chembe Iliyokuwa Mahali Pawili

Ndugu waombolezaji, nitakayoyasoma hapa hamtayaamini, na hapo nimeyapunguza sana.

Marehemu mpwa wangu, tuliyezoea kumwita Kimya, alizaliwa tarehe 3 Septemba 1969, mtoto pekee wa dada yangu fundi cherehani. Alisoma shule ya msingi ya jirani, sekondari ya bweni, kisha fizikia chuo kikuu mpaka vyeti vikaisha. Kichwa hicho kilitoka upande wetu. Mimi niliishia darasa la saba ili kuwaachia wengine nafasi.

Tangu 1998 alifanya kazi katika maabara iliyokuwa chini ya jengo la chuo, akichunguza chembe ndogo kuliko vumbi. Alinieleza kwamba chembe isiyoguswa na chochote inaweza kuwa kama ipo mahali pawili kwa pamoja. "Sasa mjomba, kila chenye uzito huvuta vingine, ndio uvutano. Wa hii utatokea huku au kule?" Alishuku kuwa uvutano wenyewe ndio unaoilazimisha chembe ichague. Mtu akipita tu kwenye korido, kipimo kiliharibika, kwa hiyo alifanya kazi jengo likiwa tupu. Mimi tu niliruhusiwa, Jumamosi, kwenye kiti cha mlangoni, nisikohoe. Kilo zangu aliziingiza kwenye hesabu zake, na kilo zenyewe mnaziona.

"Wewe uliyejifungia humu, nani ajuaye ulipo?" nilimtania.

"Nina uzito, mjomba. Dunia inajua."

Mwaka 2004 aliolewa na mwalimu wa muziki, mtu mwema. Waliachana bila ugomvi. Bwana alisema pale nyumbani aliyemjibu ni friji. Hawakujaliwa mtoto.

Februari 2023 aligundulika kuwa na saratani ya ini. Aliogopa jambo moja tu: kuondoka kabla chembe yake haijasema lolote. Mwezi Mei mitambo ilizimwa, kwani hakukuwa na mwingine wa kuiendesha. Alifariki tarehe 14 Juni, saa nne asubuhi, mama yake akiwa amemshika miguu. Apumzike sasa, mahali pamoja tu.

Sehemu ya mwisho ya wasifu huu nilimsomea mwenyewe akiwa hai, maana alitaka kujua nitamsema nini. Nikajikohoza, nikaanza: "Ameacha mama yake, mjomba wake mashuhuri, na jibu kamili ambalo wataalamu wa dunia nzima wamelipigia—"

"Mjomba wewe!" akanikatiza, macho kayafumba. "Jibu gani? Mimi naacha swali."