Arishati na Ndege wa Kioo Aliyepumua

Baada ya miaka thelathini na mmoja kwenye tanuru letu hapa Sidoni, dada yetu Arishati anaweka chini mwanzi wa kupulizia kesho, mwezi utakapoandama.

Alianza kwa kuchekecha mchanga wa mto Belo na kuuchanganya na magadi. Haukupita muda akawa anapuliza chupa za marashi nyembamba kama ganda la kitunguu. Wanagenzi waliopuliza kwa pupa aliwaambia, "Mashavu ya chura, pumzi ya kifaranga. Zungusha mwanzi, kioo kinaporomoka." Wengi wetu tumekuwa mafundi kwa kejeli hizo.

Lakini zaidi tutamkumbuka kwa yule ndege. Fundi mwenzake, Gersakoni, alikuwa akipuliza ndege wa kutilia poda, wale ambao mkia huzibwa kwa moto na mnunuzi huuvunja ili kuitoa poda. Alikohoa kidogo, kama ilivyokuwa desturi yake, akapuliza, akaanguka amekufa. Kioo cha moto hakingoji msiba. Arishati aliudaka mwanzi, akauziba mkia, na pumzi ya mwisho ya mwenzake ikabaki ndani.

Kesho yake ndege alikuwa na ukungu tumboni. Ukatoweka, ukarudi, ukatoweka tena, taratibu, kama pumzi za mtu aliyelala. Tukahama upande ule wa karakana. Mwenye karakana, bwana Himilko, alitaka ndege arudishwe tanuruni ayeyuke.

"Ukimchoma huyo, nichome na mimi," Arishati alimwambia, akaenda kumwita Batnoamu, mjane wa Gersakoni.

Batnoamu alimtazama ndege kitambo kirefu.

"Huyu hata alipokuwa hai hakujua kupumzika," alisema. "Mfungulie, dada."

Arishati aliuvunja mkia kwa vidole. Sote tulikisikia kile kikohozi, kilekile, kando ya moto. Kisha kioo kikawa angavu, na ukungu haukurudi tena.

Tangu hapo Arishati hajaziba chombo chochote. Wakubwa wa mji waliomba ndege, wakapewa bilauri na mabirika, kila kimoja mdomo wazi. Mwezi uliopita Himilko alikubali kupeleka shehena ya ndege Roma.

"Wape wengine kazi hiyo," Arishati alimjibu kwa upole. "Mimi wangu mmoja ametosha."

Ndipo akaomba kustaafu. Anahamia kwa Batnoamu, kule mlimani kusikofika moshi.

Ahsante, dada. Pumzi yako tumeiuza bandari zote; iliyobaki ni yako. Itumie polepole, nasi tunakuombea iwe ndefu.