Bwana Hakunikondesha

Bwana asifiwe, ndugu zangu. Naomba mwitikie tena, maana wengine mmeitikia mkitazama chini. Bwana asifiwe!

Mimi ni Damari, mke wa Yona fundi seremala. Asiyenijua kwa jina ananijua kwa umbo. Mchungaji amenipa nafasi nishuhudie uponyaji, na najua mnangoja niseme nimekonda. Sijakonda sana, macho mnayo. Nimesimama hapa na hasira, na sitaificha eti kwa sababu tupo kanisani. Humu ndani kuna binti mmoja. Jina lake silitaji, mmeshalitaja vya kutosha. Jumamosi mmepanga akimbie mchakamchaka mbele ya kijiji kizima, ili apungue mwili. Mimi nilikimbizwa hivyo hivyo, na nusura nife. Kwa ajili yake leo nitasema yote.

Kule milimani, kabla hatujahamishiwa hapa kando ya barabara, sikuwa na kesi na mwili wangu. Mama yangu alikuwa mnene, bibi yangu alikuwa mnene, na wote walipanda na kushuka milima na mizigo kichwani. Watu walisema, "Ukoo ule wana miili," basi, yakaisha. Tulipoletwa kijiji cha ujamaa nikakuta ukutani mwa ofisi picha ya mtu mwenye tumbo kubwa, kashika mirija, ananyonya jasho la wenzake. Watoto wakaitazama picha, wakanitazama mimi. Watoto niliwasamehe siku ile ile. Ninyi watu wazima ndio mliendelea. Kupe. Mnyonyaji. Mama Bepari. Mimi, ambaye jembe langu mnalijua!

Kisha ukaja mwaka wa njaa, tukala unga wa njano wa msaada. Ninyi mkakonda, mimi nikabaki vile vile, mkaanza kuulizana ninakula wapi. Mnakumbuka shamba la kijiji. Saa sita sinia linatua, wanawake wote tunalizunguka. Nikitia mkono, mtu anakohoa. Nikimega tonge la pili, mtu anasema, "Damari, na wenzio wale." Aibu ikanizidi. Nikawa nikiona sinia linakuja nachukua panga, naenda kutafuta kuni, narudi mmemaliza. Nilidhani sasa mtaninyamazia. Mkasema, "Hali kwa sababu ameshiba. Ghala la kijiji analijua yeye." Nikila, mlafi. Nisipokula, mwizi. Ndugu zangu, mlitaka huu mdomo niuweke wapi?

Na kweli ni kwamba nilikuwa nashinda na njaa. Kutwa nzima natafuna miwa aliyoniletea kaka yangu anayefanya kazi mashambani kule Ruhembe, nikijificha kwenye mahindi. Jioni nafunga mlango wa jiko na kula ugali wa kushibisha nyumba nzima, haraka haraka, machozi yakinitoka. Mume wangu alikuwa anagonga, "Mama, njoo tule wote hapa nje." Sikufungua. Mwili unaofanyiwa hivyo haupungui, unaongezeka. Lakini hayo nilikuja kuyajua baadaye.

Ndugu Katibu wa kijiji, nakuona pale nyuma, usiinuke. Ni wewe uliyesimama mkutanoni ukasema, "Ndugu Damari atatangulia mchakamchaka mpaka mafuta ya unyonyaji yaishe." Watu wakapiga makofi. Na ninyi akina mama wa kanisa, mlikuja nyumbani kwangu kwa upole kabisa, mkaniambia nina pepo la ulafi, nifunge nile jioni tu mpaka litoke. Kijiji kikanikimbiza, kanisa likanifungisha. Nikawa nakimbia na njaa.

Siku niliyoanguka jua lilikuwa limeshakaza. Tulikuwa kwenye barabara ya kwenda Mikumi, mimi mbele na katambuga zangu za tairi, magoti yanawaka, kifua kimebana kama mtu amekikalia. Niliomba maji. Mgambo akanijibu kwamba maji ni ya wanaomaliza. Nikaona barabara inageuka, nikaanguka kifudifudi. Sikuzimia mara moja, na ninyi hamkujua hilo. Nilimsikia mmoja wenu akisema, "Leteni trekta." Nikasikia na kicheko. Bwana ndiye aliyemsimamisha dereva wa lori asiyenijua wala kunidai neno, akanipakia mpaka Kilosa hospitali.

Nesi aliyenipokea alikuwa msichana wa rika la mwanangu wa kwanza. "Shikamoo mama." "Marahaba." Akanifunga kile kitambaa cha kupimia presha, akakunja uso, akapima tena. Kisha akaniuliza, "Mama, leo umekula?"

Ndugu zangu, nililia! Watu walikuwa wananiuliza ninakula nini, ninakula wapi, namwibia nani. Hakuna aliyewahi kuniuliza kama nimekula. Nikamweleza yote, kuanzia sinia mpaka mlango wa jiko. Akakasirika, na hasira yake ilikuwa dawa ya kwanza niliyopewa. "Nani amekutuma ukimbie na magoti haya, na presha hii, na tumbo tupu?" Nikamjibu, "Kijiji." Akasema, "Basi kijiji kije kimeze vidonge."

Nilikaa Mabwerebwere, kule kule Kilosa, kwa shangazi yangu, nikawa naenda hospitali kupimwa. Nesi alinikataza kukimbia. Aliniambia nitembee mahali pa tambarare, asubuhi jua halijapanda, kidogo tu mwanzoni, niongeze mwili ukizoea. "Tembea mwendo ambao kuongea unaweza, lakini kuimba kunakushinda. Kifua kikibana, au ukiona kizunguzungu, simama, kaa, uje hapa." Nyumbani niwe naketi kwenye kiti na kuinuka, naketi na kuinuka, taratibu, ili mapaja yayasaidie magoti. Kuhusu chakula nilidhani ataninyang'anya sufuria. Kumbe aliniambia nile asubuhi, nile mchana, nile jioni, nisiruke. Mchicha, matembele na majani ya kunde kwa wingi. Maharage au dagaa. Ugali, kiasi cha ngumi yangu. Miwa siku moja moja, si kutwa. Na nisile tena nimejifungia.

Hilo la mwisho ndilo lililokuwa gumu. Mchana wa kwanza shangazi alitandika mkeka barazani, mbele ya wapita njia, akaweka sahani. Nikamega tonge, nikawatazama wapita njia, nikalirudisha sahanini. Shangazi akasema, "Kula nikuone, mwanangu. Wakitazama watachoka." Nikala. Pale barazani, ndugu zangu, ndipo Bwana aliponifungua. Lile pepo mlilolitafuta tumboni mwangu lilikuwa machoni mwenu, na mimi ndiye niliyekuwa nikifungishwa kwa ajili yake.

Leo presha imeshuka. Vidonge bado nameza, na sitaviacha mpaka aliyenipa aniambie. Nguo zimelegea kidogo, kidogo tu. Lakini natembea mpaka shambani na kurudi, napiga magoti kuomba na nainuka bila kushikwa mkono, na usingizi wangu ni wa mtu mwenye amani. Namshukuru Bwana. Namshukuru dereva yule, nesi yule, shangazi yangu, na Yona aliyegonga mlango bila kuchoka. Ninyi bado sijawashukuru, maana sijaona cha kushukuru. Kuwasamehe nimeanza. Na hilo pia naliongeza kidogo kidogo.

Sasa hiyo Jumamosi. Ndugu Katibu, binti yule hatakimbia. Nimeongea na mama yake, na mbio zenu zikianza mtatukuta wote watatu tumekaa katikati ya barabara. Mnaotaka kunyoosha miili, wanene kwa wembamba, njooni mtembee na mimi kesho asubuhi mwendo wa kuongea. Asiyetaka, abaki kwake na mdomo wake aufunge.

Na wewe mwanangu, uliyeinamisha kichwa, usiogope. Mwili huo Bwana aliuumba akiwa anakutazama, na hakucheka. Mtumaini yeye, mtoto wangu. Kesho nitapita mlangoni kwenu jua likichomoza. Nikukute umeshakunywa uji.