Kilomita 9,614 za Mama Kilomita

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, Mama Kilomita anastaafu baada ya miaka thelathini na miwili katika kitengo chetu cha kupanga safari za ndege.

Alianza enzi ambazo njia zilichorwa kwa penseli na mafuta yakapigiwa hesabu kwa mkono. Kila mgeni kitengoni alipewa naye uzi na tufe la dunia, akaambiwa aunganishe miji miwili ya mbali. Aliyezoea ramani ya ukutani alishangaa kuona njia fupi inapanda kaskazini kama imepotea. Rubani mmoja alimbishia kutwa nzima. Jioni akarudi na keki ya kuomba radhi.

Umbali mmoja aliujua kwa moyo: kilomita 9,614, kutoka uwanja wetu hadi mji alikohamia dada yake mkubwa, muuguzi, aliyemlea na kumsomesha walipobaki yatima. Walikuwa hawajaonana miaka kumi na tisa. Tulipopata ndege ya moja kwa moja, yeye ndiye aliyeichora njia: saa kumi na moja na dakika arobaini angani. Kampuni ikampa kiti kwenye safari ya kwanza. Akashona gauni jipya.

Asubuhi ile mimi, mkuu wake, nilimwomba abaki. Upepo wa juu ulikuwa umegeuka, na hakuna mwingine aliyeijua njia ile. Nikamwambia ndege nyingine ipo Alhamisi. Alivua koti, akaketi, akapiga hesabu upya. Ndege ilitua salama na kiti kimoja kitupu. Wakubwa wakaja kupongeza, na mkono walioushika ulikuwa wangu.

Alhamisi ikazuka dharura nyingine, na wiki iliyofuata vilevile. Mwezi wa tano safari ile ikafutwa kwa kukosa abiria. Mwezi wa saba dada akafariki.

Nilikwenda kumpa pole nikiwa sina uso. Aliniwekea kiti, kisha akasema: "Kukataa ningeweza, bosi. Sikukataa. Kosa hili tugawane, usilibebe peke yako."

Miaka minne imepita. Jibu langu naliandika leo mbele ya wote: nisamehe, Mama Kilomita.

Hakuna ndege uliyoipangia njia iliyowahi kupungukiwa mafuta. Nusu ya kitengo hiki ni mikono uliyoifundisha wewe.

Jumatatu anaondoka kwenda kwa watoto wa dada yake, na kuzuru kaburi. Kwa kubadili ndege mara mbili, safari inapita kilomita elfu kumi na tatu. Tulitaka kumpangia kila kitu. Amecheka, akasema yeye sasa ni abiria tu, apewe kiti cha dirishani alale.

Asante kwa yote, dada yetu. Watoto wameshatupigia simu mara mbili kuulizia saa ya kutua, nasi tumewaambia safari hii unakuja kweli. Nenda salama, uishi kwa raha.